Kilima cha Chetambe: Umbo la Nchi, Majira ya Mvua na Historia kati ya Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Kati ya Bungoma na Kitale nchi hupanda kwa kiasi cha mita 500. Mji wa Bungoma uko yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale karibu mita 1,900. Mpando huu si wa taratibu kila mahali. Huko Webuye, mashariki ya Bungoma, ardhi huinuka kwa ghafula na kufanya ukuta mrefu wa mawe na vichaka, ambao wakazi wa mji huuona kila waamkapo. Huo ndio mwinuko uitwao Chetambe.

Mwinuko huu unajulikana zaidi kwa vita vya mwaka 1895, ambapo Wabukusu na Watachoni walipambana na jeshi la Waingereza pamoja na washirika wao. Vita hivyo vimeandikwa mara kadhaa. C. W. Hobley, aliyekuwa mtawala katika sehemu hizo, alivisimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1929, Gideon Were alivitaja katika historia yake ya Abaluyia ya mwaka 1967, na F. E. Makila alivirudia kwa mtazamo wa wenyeji katika kitabu chake juu ya Wabukusu cha mwaka 1978. Lakini kilima chenyewe, yaani miamba yake, mvua zake na majina yake, hakijapewa nafasi kubwa katika maelezo hayo. Mara nyingi kimechukuliwa kuwa ni mahali tu ambapo jambo lilitokea.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya Chetambe haiwezi kueleweka vyema bila kuyafahamu majira yake, na kwamba msamiati wa majira ambao Kiswahili sanifu kimeurithi kutoka pwani haufai kuyaelezea majira hayo. Hoja hii inawahusu wanahistoria, lakini inawahusu wanalugha hata zaidi. Lugha inayofundishwa kuwa lugha ya taifa zima haina budi kuweza kutaja mvua inyeshayo juu ya paa la shule inamofundishwa.

2. Umbo la kilima

Chetambe si mlima uliosimama peke yake kama Elgon. Ni sehemu ya kaskazini ya genge refu la Nandi, ambalo hutoka upande wa kusini-mashariki, likapita mashariki ya msitu wa Kakamega, na kuendelea hadi ng'ambo ya mto Nzoia. Genge hilo limetokana na mpasuko wa kale katika ardhi: upande mmoja uliinuka na mwingine ukabaki chini. Kwa sababu hiyo kilima kina sura mbili. Anayekitazama kutoka Webuye huona ukuta wenye mteremko mkali. Anayekifikia kutoka upande wa nyuma, yaani kutoka nyanda za juu, hukuta ardhi isiyomchosha sana kuipanda. Miamba yake ni ya kale sana, na ni tofauti na ile ya Elgon ambayo ilitokana na volkano iliyokwisha kuzimika.

Mto Nzoia, ambao hukusanya maji kutoka milima ya Cherangani na miteremko ya Elgon, hauna njia ya kuepuka genge hili. Huukata ukuta huo na kushuka kwa maporomoko yanayoitwa Nabuyole, kisha hutiririka katika nchi ya chini hadi Ziwa Viktoria. Hivyo mahali hapa pana mambo matatu yaliyokutana: ukuta wa mawe, maji mengi yenye nguvu, na njia ya asili baina ya nchi ya juu na nchi ya chini. Reli iliyojengwa kuelekea Uganda katika miaka ya 1920 ilipita hapa, na barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Kitale inapita hapa pia.

Kutoka kileleni mtu huweza kuona mbali. Kaskazini-magharibi humwona Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, ukifika mita 4,321 katika kilele chake kilichoko Uganda. Kusini na magharibi huiona nchi ya tambarare ya Nzoia, iliyojaa mashamba na maboma. Katika karne iliyopita kabla ya ukoloni, wakati jamii za sehemu hii zilipokuwa zikishambuliana kwa ajili ya ng'ombe na malisho, faida ya kuweza kumwona adui kabla hajafika haikuwa ndogo.

3. Majira ya kilima na msamiati wa pwani

Webuye iko kaskazini kidogo tu ya ikweta, karibu theluthi mbili za digrii moja. Kwa kawaida nchi zilizo katika ikweta hutarajiwa kupata mvua mara mbili kwa mwaka, jua linapopita juu yake mwezi Machi na mwezi Septemba. Ndivyo ilivyo katika sehemu nyingi za mashariki ya Kenya na pwani. Ndiyo sababu Kiswahili kina majina mazuri na ya kale ya majira manne: masika, yaani mvua kubwa za Machi hadi Mei, kipupwe, yaani wakati wa baridi baada ya masika, vuli, yaani mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba, na kiangazi, yaani wakati wa joto na ukavu kabla ya masika kurudi. Majira haya yamefungamana na pepo mbili za bahari, kaskazi na kusi, ambazo ziliendesha majahazi kati ya Afrika ya Mashariki na Uarabuni kwa karne nyingi. Hata neno msimu, ambalo sasa hutumika kwa maana ya wakati wowote maalumu wa mwaka, lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya wakati wa pepo za safari.

Kalenda hii haifai Chetambe. Ukavu huko ni wa Desemba hadi Februari. Mvua huanza Machi, huzidi Aprili na Mei, hupungua kidogo Juni, kisha huongezeka tena hasa mwezi Agosti, na hushuka polepole kuanzia Oktoba. Kitale, iliyo juu zaidi, hufuata mwendo huo huo, na huwa na mvua ya karibu milimita 1,200 kwa mwaka. Sehemu nyingi za kaunti ya Bungoma hupata milimita 1,200 hadi 1,800. Kwa ufupi, katika miezi ambayo Mswahili wa Lamu au Unguja hukiita kipupwe na kuona anga likitulia, watu wa Webuye huona mawingu ya radi yakijikusanya kila alasiri.

Sababu za tofauti hii zinafahamika. Kwanza ni Ziwa Viktoria. Wakati wa mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi ya juu. Upepo huo wenye unyevu hukutana na upepo utokao mashariki, na pande zote mbili hulazimika kupanda. Pili ni genge lenyewe. Hewa inapopanda ukuta wa Chetambe hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kuchukua unyevu wote iliyokuwa nao, hivyo mawingu hujitengeneza na mvua hunyesha, mara nyingi ikiambatana na radi na wakati mwingine mvua ya mawe. Tatu ni unyevu utokao magharibi, upande wa Kongo, ambao hufika hapa hasa Julai na Agosti, wakati ukanda mkuu wa mvua za ikweta unapokuwa umesogea kaskazini kuelekea Sudani na Habeshi.

Hali ya joto nayo hufuata umbo la nchi. Kwa kawaida joto hupungua kwa kiasi cha sehemu sita za kumi za digrii kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hiyo tofauti ya mita 500 kati ya Bungoma na Kitale ni tofauti ya digrii tatu hivi, na mtu akipanda kutoka Webuye hadi kilele cha Chetambe huhisi joto likipungua. Usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kutoka kilimani na kukaa bondeni. Ndiyo sababu ukungu huonekana asubuhi juu ya Nzoia wakati kilele kiko katika jua.

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Uchaguzi huo ulikuwa na sababu zake, na si nia ya makala haya kuulaumu. Lakini pamoja na sarufi na matamshi ya Unguja, kalenda ya Unguja nayo ilipanda bara. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari nchini Kenya. Mwanafunzi wa Webuye hufundishwa kwamba baada ya masika huja kipupwe, na huku dirishani mvua ya Agosti inanyesha. Akiandika kwamba Agosti ni mwezi wa mvua kubwa, ameandika ukweli. Akiiita mvua hiyo vuli, amekosea. Akiiita masika, amekosea pia. Lugha haikumpa neno.

Huenda mtu akadai kwamba neno mchoo lingeweza kuziba pengo hili, kwani pwani hutumika kwa mvua zinazokuja baada ya masika na kabla ya vuli. Lakini mchoo ni manyunyu, ni mvua ndogo isiyotegemewa. Mvua ya Agosti huko Chetambe ni mvua ambayo mazao hukomaa nayo. Kuiita mchoo ni kuipunguzia hadhi.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kitale, kazi ya kuboresha mahindi ilianza mwaka 1955, na mwaka 1964 ilitolewa mbegu ya chotara iliyopewa namba 611, iliyozaliwa kutokana na mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador. Mbegu za jamii hiyo huchelewa kukomaa, na kuchelewa huko ndiko faida yake: hutumia mvua tangu Machi hadi Septemba bila kukatizwa na ukavu. Mbegu hiyo ingepandwa mahali penye masika fupi na kipupwe kikavu, ingekauka kabla ya kuzaa vizuri. Watafiti walifanya kazi kwa kufuata majira yaliyopo. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya nayo hutoa utabiri wa pekee wa Juni hadi Agosti, ambao huitaja magharibi ya nchi kuwa miongoni mwa sehemu zinazotarajiwa kupata mvua. Wanasayansi wamekwisha kuutambua msimu huu. Ni lugha ambayo haijaupa jina.

4. Lukoba na vita vya mwaka 1895

Wabukusu na Watachoni walikuwa na desturi ya kuishi ndani ya makazi yaliyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki. Makazi hayo kwa Lubukusu huitwa lukoba, wingi wake chingoba. Mabadiliko ya k kuwa ng katika wingi ni ya kawaida katika lugha hiyo, kwa kuwa sauti ya pua huigeuza konsonanti inayoifuata. Kiswahili hutumia boma, lakini neno hilo halitoshi, kwa sababu boma laweza kuwa zizi la miiba au ofisi ya serikali. Lukoba ni mji mzima wenye ukuta.

Ngome ya Chetambe ilichukua jina la mzee wa Kitachoni aliyeijenga. Handaki lake linaonekana hadi leo juu ya kilima. Ujenzi wa namna hiyo unahitaji kuchimba na kupiga udongo kwa wiki nyingi, na ukuta wa udongo hauwezi kujengwa vyema wakati mvua inabubujika. Yaelekea basi kwamba kazi kubwa ya kujenga na kukarabati chingoba ilifanyika katika miezi mikavu, Desemba hadi Februari, ambapo pia mikono ilikuwa haijashikwa na kilimo.

Mwaka 1894 Waingereza walifungua kituo Mumias, katika nchi ya Wanga, kwa niaba ya Hifadhi ya Uganda. Sehemu hii yote ilikuwa chini ya Uganda hadi mwaka 1902. Mumia, mtawala wa Wanga, alikuwa mshirika wao. Ugomvi na Wabukusu ulianza kwa habari ya bunduki zilizofika mikononi mwao kutoka kwa askari watoro. Kikosi cha askari wa Kisudani kilichotumwa kuzidai kiliuawa. Mwezi Agosti 1895 msafara mkubwa ulitumwa kulipiza kisasi chini ya William Grant, ukiwa na Hobley, askari wa Kisudani, Waganda, watu wa Wanga na wengineo. Walishambulia kwanza ngome ya Lumboka. Wengi walionusurika walikimbilia Chetambe, na huko vita vikaendelea hadi ngome ilipoanguka. Watu wengi waliuawa na mifugo mingi ikatekwa. Ukuta wa udongo ulijengwa kumzuia mtu mwenye mkuki. Haukujengwa kumzuia mwenye bunduki za kisasa.

Ni hapa ambapo neno la majira huwa na uzito. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea kalenda ya pwani, akisoma "Agosti 1895", huwaza njia kavu, anga tulivu, na wakati mzuri wa msafara. Akifanya hivyo amepotoka. Agosti ya Chetambe ni mwezi wa radi za alasiri, njia za utelezi na mito iliyojaa. Tena ni wakati ambapo wimbi na mtama, vilivyokuwa chakula kikuu kabla ya mahindi kuenea, huwa vinavunwa au vimekaribia kuvunwa. Watu waliokimbia kutoka Lumboka kwenda Chetambe walikuwa wakiacha nyuma si nyumba tu, bali na chakula cha mwaka mzima kilichokuwa mashambani na ghalani. Kushindwa mwezi wa Agosti hakukuwa sawa na kushindwa mwezi wa Januari. Baada ya vita, njaa na haja ya kupata amani vilikuwa vyatarajiwa, na yaelekea jambo hili lilisaidia kuwafanya Wabukusu wakubali masharti ya Waingereza. Baadaye serikali iliweka juu yao machifu kutoka Wanga, mmojawapo akiwa Murunga, ndugu ya Mumia. Uchungu wa utawala huo ulidumu kwa muda mrefu.

5. Kilima kama mahali pa sala

Nusu karne baadaye kilima kilirudi katika historia kwa namna nyingine. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliyekuwa amefunguliwa mwaka huo kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliongoza umati wa wafuasi wake hadi ngome ya Chetambe mwezi Septemba 1947, kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Audrey Wipper amelichunguza vuguvugu hili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1977. Kwa serikali ya kikoloni mkusanyiko huo ulikuwa tishio. Mwezi Februari 1948 polisi walifyatua risasi Malakisi na kuua watu 11. Dini ikapigwa marufuku mwaka huo huo, na Masinde akahamishiwa Lamu. Aliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alifariki mwaka 1987.

Mambo mawili katika habari hii yanawahusu wanalugha. La kwanza ni jina la dini yenyewe. Dini ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu. Msambwa ni neno la Lubukusu, kumusambwa, wingi kimisambwa, lihusulo mizimu ya wahenga, ambalo limevuliwa kiambishi chake kirefu na kuvishwa cha Kiswahili. Dini iliyopinga utawala wa kigeni ilijiita kwa jina lililounganisha lugha mbili, na hakuna aliyeona ajabu. Hilo laonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa tayari kimepata mizizi katika nchi hii, na kwamba kiliweza kupokea maneno ya bara pale ambapo wasemaji wake walikuwa na jambo la kusema.

La pili ni kule kuhamishwa kwenyewe. Mtu aliyeongoza sala juu ya kilima chenye mvua za Agosti alipelekwa katika kisiwa ambako kaskazi na kusi ni pepo za kweli, na ambako kipupwe ni kipupwe. Aliishi ndani ya ile kalenda ambayo watoto wa kwao walikuja kufundishwa baadaye kuwa ndiyo kalenda ya Kiswahili. Umbali kati ya Chetambe na Lamu si wa kilomita peke yake.

6. Majina ya nchi

Majina ya mahali ni hati zisizochapishwa, na katika sehemu hii hati hizo ziko nyingi. Wasafiri na watawala wa kwanza waliwaita Wabukusu "Kitosh", jina walilopewa na majirani zao na ambalo wao wenyewe hawakulipenda. Wilaya iliitwa Kavirondo ya Kaskazini. Jina la Elgon latokana na Kimaasai, nalo Masaba ni jina la Kibantu la mlima huo huo. Kuhusu Bungoma yapo maelezo mawili: wengine hulihusisha jina hilo na ngoma, na wengine na Wabong'omek, kundi la Kikalenjini lililoishi hapo zamani. Maelezo yote mawili yanakumbusha kwamba nchi hii haikuwa ya lugha moja.

Jina la Chetambe nalo lina fundisho. Mwanzo wake, che-, hausikiki kama kiambishi cha kawaida cha watu katika lugha za Luyia, lakini unafanana na mwanzo wa majina mengi ya Kikalenjini, kama Cheptais na Chesikaki katika miteremko ya Elgon. Watachoni wanatambuliwa na wanahistoria kuwa watu wenye asili zilizochanganyika, wasemao lugha ya Kiluyia huku wakiwa na uhusiano wa kale na Wakalenjini. Haitakuwa ajabu basi iwapo jina la mzee wao lina sauti za pande zote mbili. Ushahidi wa aina hii peke yake hautoshi kuthibitisha lolote, lakini unaafikiana na yale yanayojulikana kwa njia nyingine.

Maporomoko yaliyo chini ya kilima yalipewa na Wazungu jina la Broderick, na kituo cha reli na mji vikaitwa hivyo hivyo. Baada ya uhuru mji uliitwa Webuye, na maporomoko yakabaki kwa wenyeji kuwa Nabuyole. Ni jambo la kutazamwa kwamba jina la mji lilibadilishwa, na jina la kilima halikubadilishwa hata mara moja. Mji ulifuata reli na serikali. Kilima kilifuata kumbukumbu.

Mwaka 1974 kiwanda kikubwa cha karatasi kilianza kazi chini ya kilima. Mahali palichaguliwa kwa sababu zile zile za kijiografia: maji ya Nzoia, reli, na misitu ya kupandwa iliyo karibu, hasa Turbo. Kwa miaka mingi moshi wa kiwanda na harufu yake ya salfa vilikuwa alama ya mji. Hewa baridi iliyoteremka kutoka kilimani usiku ndiyo iliyofanya moshi ukae chini asubuhi, kama ukungu ulivyokaa tangu zamani. Uzalishaji ulisimama mwaka 2009, na ukaja kurejeshwa baadaye chini ya wamiliki wapya. Hata katika habari ya kiwanda, anayetaka kueleza kwa nini moshi ulikaa mahali fulani na si pengine hana budi kurudi kwenye umbo la Chetambe.

7. Hitimisho

Yaliyoelezwa hapo juu yanaonyesha kwamba kilima cha Chetambe kilikuwa na sehemu katika historia yake. Ukuta wake wa mawe uliwavuta waliotafuta usalama. Mvua zake za Agosti zilifanya kushindwa kwao kuwa kuzito zaidi. Kilele chake kilikuwa mahali pa kuwakumbuka wafu, na mto wake ulileta reli na kiwanda. Historia inayotaja mwaka na mwezi bila kutaja hali ya anga ya mwezi huo imesema nusu tu.

Kwa upande wa lugha, haipendekezwi kuyatupa maneno masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Hayo ni mali ya Kiswahili, na yanasema kweli pale yalipozaliwa. Linalopendekezwa ni kwamba vitabu vya shule na kamusi viyafafanue kuwa majina ya majira ya pwani na ya sehemu zinazofanana nayo, na vikubali kuwapo kwa majira ya magharibi yenye mpangilio wake. Neno la msimu huo laweza kutafutwa katika lugha za huko, kama vile jina la Dini ya Msambwa lilivyopatikana. Wasemaji wa Lubukusu, ambao mvua huiita efula, neno la ukoo mmoja na mvua ya Kiswahili, ni wa kwanza kuulizwa. Au laweza kuundwa kutokana na kazi ya mkulima: mvua za kupandia za Machi na Aprili, na mvua za kukomazia za Julai na Agosti. Uamuzi huo ni wa wasemaji wenyewe na wa vyombo vya lugha kwa pamoja.

Hadi hapo uamuzi utakapofanywa, mwalimu wa Kiswahili aliye Webuye, Kitale au Bungoma atakuwa na kazi mbili kila mwaka: kufundisha majira yaliyo kitabuni, na kuwaeleza wanafunzi wake kwa nini mvua wanayoisikia juu ya bati mwezi wa Agosti haina jina.